Dola Iliyonukia Sabuni

Kijana anayebadilisha pesa sokoni Baraka aliishika noti yangu kwa ncha za kucha mbili, kama mtu anayemtoa mende kwenye mchuzi. Akaiinua juani. Akaishusha. Akaiinua tena, safari hii amefumba jicho moja, nami nikawa namwomba Mungu moyoni kwamba lile lililobaki wazi liwe na mtoto wa jicho.

"Papa," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye meza za ndagala, "hii dola uliifula?"

Hayo yalitokea juzi. Masikio yangu hayajapoa.

Nikamjibu jibu ambalo mtu mwenye mvi hapaswi kulitoa hadharani. Nikasema: "Kidogo."

Kana kwamba kuna kufua kidogo! Mama mmoja aliyesimama nyuma yangu na beseni la mikebuka kichwani alicheka mpaka ikabidi watu walidake beseni. Mwingine akasema, "Papa anasafisha pesa kama wakubwa wa Kinshasa," na utani huo nimeshausikia mara tano tangu juzi, kila anayeutoa akidhani ameubuni yeye. Kijana hakucheka. Kambisti hacheki akiwa kazini. Alinionyesha tundu karibu na kona, tundu ambalo sisimizi angepita kwa kuinama, kisha akapitisha kidole juu ya uso wa Mzungu aliyechapwa pale katikati. "Tena rangi imechoka. Hii haipiti, papa. Ungeiacha chafu."

Ungeiacha chafu. Maneno hayo nilikwenda nayo mpaka nyumbani, na usiku yakalala katikati yangu na mke wangu.

Kisa chote kilianza na mbuzi. Si mbuzi wa malishoni, mbuzi wa hesabu. Kila Jumamosi mama mmoja alikuwa akija kutufulia, beseni lililojaa hadi juu kwa franga 3,000. Jioni moja nikachukua daftari la mtoto, nikazidisha 3,000 kwa majuma 52, nikapata 156,000. Siku hizo dola moja ilikuwa ikienda kwa franga 2,800 hivi, kwa hiyo ni dola 55 na ushee kwa mwaka. Nikaitazama ile 55 kwa muda mrefu, na kadiri nilivyoitazama ndivyo ilivyoota pembe na ndevu. Dola 55 ni mbuzi. Miaka yote hii nilikuwa nikimsuuza mbuzi mzima na kummwaga pamoja na maji machafu.

Nikamwambia yule mama, kwa adabu zote, "Mama, majuma haya pumzika kidogo." Hakunitazama usoni. Alinitazama mikono. "Haya, papa," akasema. "Mungu akusaidie."

Mke wangu alikuwa uani akitwanga sombe.

"Sasa nani atafula?"

"Mimi."

Mchi ukasimama hewani. "Basi mimi sitagusa hata soksi," akasema, na mchi ukashuka.

Jumamosi ya kwanza niliteremka ziwani alfajiri nikitumaini sitakuta mtu. Nikakuta watu kama thelathini. Kina mama na mabeseni yao, watoto uchi, mitumbwi ya ndagala ikirudi kutoka kazi ya usiku, na ng'ambo ya ghuba rasi ya Ubwari imelala kama mamba aliyeshiba. Mawe mazuri ya kufulia, yale yaliyolainishwa na mikono ya mabibi zetu, yako chini ya maji tangu ziwa lilipopanda miaka hii na kumeza nyumba za watu. Yaliyobaki yana wenyewe. Kina mama wakanisogezea nafasi bila neno, kama anavyosogezewa mgonjwa kwenye benchi la zahanati. Hakuna aliyenicheka. Afadhali wangecheka.

Sasa lazima niseme jambo moja kuhusu kufua, maana nimevaa nguo safi maisha yangu yote bila kulijua: nguo ikifuliwa na anayejua, hulia. Anayejua anakunja kipande cha nguo juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, anakishika kwa vidole, halafu mzizi wa kiganja cha kulia unakisukuma mbele na kukirudisha: kwi, kwi, kwi. Ni maji, hewa na sabuni vinabanwa mahali pembamba na kuponyoka. Ukisimama ufukoni ukafumba macho utadhani vyura wameitisha mkutano. Na kila mama ana sauti yake. Yule wa kulia kwangu, bibi mwenye mgongo uliopinda, alikuwa akifua shuka kwa mlio mfupi na wa haraka, na kila baada ya mara nane au tisa anageuza nguo bila kuangalia, macho yako kwa wajukuu majini, mdomo uko kwenye mazungumzo, mikono inafanya kazi peke yake kama watu wengine kabisa.

Mimi nilisugua shati robo saa. Kimya. Nikasugua kwa hasira. Kimya, ila ngozi ya kifundo ikaanza kutoka. Msichana mdogo aliyekuwa pembeni na sare yake ya shule akanionea huruma.

"Papa," akasema, "uko unafula mkono, haufuli nguo."

Shati lenyewe lilikuwa na doa la mawese kifuani, na hapo ndipo sabuni iliponiteka akili, mpaka nikasahau aibu kwa muda. Sabuni ya kipande tunayotumia wengi hapa inapikwa papa hapa. Mawese yanachemshwa ndani ya nusu pipa, yanamiminiwa soda kali iliyoyeyushwa majini, yanakorogwa kwa mti mrefu mpaka yanakuwa uji mzito, yanamwagwa kwenye fremu ya mbao, na yakiganda yanakatwa vipande kwa waya. Mafuta yanaingia upande huu, sabuni inatokea upande ule. Kila chembe ya sabuni ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji. Mkia hauwezi maji hata kidogo, unatafuta mafuta ujifiche ndani yake. Chembe hizo zikikutana na doa, maelfu kwa maelfu, zinazamisha mikia yao kwenye mafuta na kuacha vichwa nje. Doa linavunjika vidonge vidogo vilivyojaa vichwa pande zote, na maji, yakiona vichwa tu, yanadhani ni ndugu zao yanavibeba. Na doa langu lilikuwa mawese, na sabuni nayo ni mawese! Ni kama mtu aliyekwama kijijini kuletewa kaka yake aliyesoma ili aje amtoe.

Biashara hii ya mawese kugeuka sabuni si ngeni nchini. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever alipewa na Wabelgiji haki ya kuvuna michikichi ya Kongo, makao yake makuu yakaitwa Leverville, ndiyo Lusanga ya leo kule Kwilu, na mafuta yakawa yakivuka bahari kwenda kuwafanya Waingereza wanukie vizuri. Babu zetu waliopanda juu ya michikichi hiyo sijui walifulia nini. Lakini narudi kwenye shati.

Povu halikuja. Nilipaka sabuni mpaka kipande kikawa chembamba kama ulimi wa mbuzi, na badala ya povu nikapata utando, kitu cha kijivu kinachonata, kinaelea juu ya maji kama ngozi ya maziwa na kurudi kukaa kwenye shati kila ninapolitoa. Nikadhani sabuni ni mbovu. Bibi wa kulia, bila kuacha kufua, akasema, "Maji ya ziwa yanakula sabuni, baba. Wenye nguo nyeupe wanaenda mtoni."

Maji kula sabuni! Nikaulizauliza kwa wanaojua, na sasa siwezi kulitazama ziwa bila kulishuku. Maji ya Tanganyika yana magnesi nyingi, na magnesi ikikutana na sabuni inakishika kile kichwa na kukifunga, sabuni inashindwa kuyeyuka, ndiyo ule utando. Na magnesi hiyo imetoka wapi? Sehemu kubwa ya madini ya ziwa letu inashuka kutoka Ziwa Kivu kwa Mto Ruzizi, na Kivu imeyapata kwenye miamba ya volkeno za huko Goma. Yakifika kwetu hayaondoki upesi. Ziwa lina kina cha meta 1,470 na mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga pale Kalemie, na mlango wenyewe ni mwembamba. Maji mengi yanaondoka kwa kupaa na jua, madini yanabaki yanazidi kukolea, karne kwa karne. Kwa hiyo uchafu ule wa kijivu kwenye ukosi wa shati langu ulitoka ndani ya volkeno, ukapita Bukavu, ukapita Uvira, ukanisubiri mimi Baraka Jumamosi asubuhi. Mtu unajisikia mdogo.

Kwa hiyo nikatweka beseni kichwani, maana hakuna namna nyingine ya kulibeba beseni la nguo mbichi, nikaelekea Mto Mutambala, unaoleta maji ya milimani. Njiani nilikutana na nusu ya watu wanaonifahamu. Sitawataja.

Maji ya mto yalileta povu. Nikafurahi nikapoteza akili. Zamu ya suruali ya kazini ilipofika niliikunja, nikaitandika juu ya jiwe, nikaipiga kama nilivyoona wanaume wakifanya utotoni. Paa! Paa! Mlio mkubwa kuliko wa kina mama wote pamoja. Nikahisi kwamba nimekwisha kuelewa kazi. Nikaikamua kwa kuisokota, nikaikunjua, nikaipiga tena. Katika mkunjo wa tatu vidole vyangu vikagusa kitu kigumu kama kokwa kwenye mfuko wa nyuma.

Nilijua kabla sijaingiza mkono. Zilikuwa dola 20, noti moja, niliyoificha humo majuma mawili kabla ili mke wangu asiione.

Ilikuwa imekunjwakunjwa na kuwa kidonge. Niliifungua pale pale nimechuchumaa majini, mkunjo kwa mkunjo, pumzi nimeizuia, na Andrew Jackson akatokea kidogo kidogo: kwanza nywele, halafu jicho moja, halafu pua imepauka. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini kwa kumwagiwa maji. Ila hakuwa amechanika! Baadaye niliambiwa sababu. Dola si karatasi. Ni pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25, yaani kwa jina lolote utakaloliita, dola ni nguo. Mahali pake ni kwenye beseni pamoja na ndugu zake. Ningeiacha ikauke yenyewe juu ya jiwe ingekuwa na mikunjo tu, na pengine ingepita kwa mwenye macho mabovu. Lakini mimi siku hiyo nilikuwa mtu wa usafi. Nikasema haitoshi kukauka. Lazima ipigwe pasi.

Pasi yetu ni ya makala, tumbo la chuma lenye matundu pembeni ili moto upumue. Mtu mwenye busara anapuliza majivu nje kwanza. Nilitandika kikwembe juu ya meza, nikaweka noti, nikaweka kitambaa juu yake, nikapitisha pasi taratibu kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala. Mikunjo ikaisha. Nikafunua kitambaa kuona kazi ya mikono yangu, nikainama na pasi ingali mkononi, na cheche moja, ndogo kama mbegu ya mchicha, ikatoka tunduni, ikaelea, ikafikiri kidogo, ikatua karibu na kona.

Niliipuliza. Hilo ndilo kosa. Cheche ukiipuliza inafurahi.

Noti nikaificha ndani ya kamusi, kurasa za mwisho ambako hakuna mtu anayefika, nikasubiri. Nilisubiri nini sijui. Nadhani nilitumaini tundu litaziba. Majuma sita yalipita hivyo, na Jumamosi zikaendelea kuja bila kualikwa.

Jumamosi ya pili: kikwembe chekundu cha mke wangu na mashati yangu matatu meupe kwenye beseni moja, na sasa nina mashati matatu ya rangi ya ufizi.

Ya tatu niliamua kutumia javeli. Tusiizungumzie.

Ya nne nilianika kivulini ili jua lisipaushe rangi, nikaona uvivu kupiga pasi chupi, na sikujua kwamba kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi za kivulini, na kwamba mayai hayo yakipata joto la mtu funza wake huingia ndani ya ngozi. Majipu mawili, kalio la kushoto. Moja lilikuwa likijongea.

Ya tano, mbuzi wa jirani alikula mkono wa shati. Mbuzi!

Ya sita mvua.

Basi juzi, ada ya shule ikadai, nikaifungua kamusi nikaenda sokoni, na mwanzo wake mmeshausikia. Baada ya kijana yule nilijaribu wawili zaidi. Wa pili aliipiga noti kwa ukucha, akasikiliza mlio, akanirudishia bila neno. Wa tatu alikuwa ameshapata habari kutoka kwa wa kwanza. Alitikisa kichwa nikiwa bado ng'ambo ya barabara.

Ndipo nilipopata wazo la kupanda Fizi. Niliwaza hivi: Baraka ni mji wa ufukoni, watu wake wamezoea Kigoma na Bujumbura, wanazijua pesa za kila namna. Fizi kati iko juu milimani, watu wake ni wapole, ubaridi unatuliza macho. Jana asubuhi nikapanda pikipiki. Nilimlipa motari kiasi ambacho ningefuliwa mabeseni matano. Njiani kuna kamba. Wanaopita njia hiyo wanajua kamba ninayosema: uzi umefungwa mti huu na mti ule, vijana wameketi kivulini, unalipa unapita. Nililipa kwenye kamba tatu, kila mara kwa zile franga 500 zilizochakaa mpaka zimekuwa kama kitambaa cha kufutia sufuria. Moja ilikuwa na vipande viwili vilivyounganishwa kwa gundi ya karatasi, na nina hakika havikuzaliwa pamoja. Hakuna aliyeiinua juani. Iliingia mfukoni kama mwana aliyerudi nyumbani. Noti ya 500, mkiitazama vizuri, ina picha ya watu wanachekecha almasi majini. Hao nao wanasuuza siku nzima, na sijui wao wanalipwa ngapi kwa beseni.

Fizi nikachagua duka la mama mmoja mnene mwenye uso wa huruma, anauza chumvi, mafuta na vikwembe. Nilinunua chumvi kwanza ili tuwe marafiki. Tukasalimiana mpaka tukagundua tuna mjomba tunayeweza kumfikia wote wawili kwa kuzunguka. Nikatoa noti, kidole gumba kimekaa juu ya tundu kwa bahati. Hakuiinua juani. Moyo wangu ukaruka. Aliichukua polepole, akaikunja kidogo, akafumba macho, akaipeleka puani.

"Inanukia sabuni," akasema.

Sikujibu.

"Ya mawese," akaongeza, kwa heshima fulani. Kisha akafumbua macho, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye tundu, kana kwamba tundu lilikuwa limemwita. "Nitakupa kumi, muko wangu, kwa sababu ya undugu."

Nikakataa. Nilikuwa na heshima yangu. Nilipofika mlangoni akasema nane.

Nikakaa juu ya jiwe kungoja motari, na pale, kwenye baridi ya Fizi, na nusu kilo ya chumvi mapajani, kicheko kikaniishia. Maana tazameni. Noti ile ina mwenyewe, na mwenyewe haikatai. Huko Washington ofisi inayochapa dola hupokea hata noti iliyoungua au iliyotafunwa na panya, mradi zaidi ya nusu yake iwe imebaki, na kumlipa mtu thamani yake kamili. Tundu langu haliwezi kuhesabika hata kama sehemu ya mia. Ni sisi, ambao noti si yetu, tunaoilinda kama mboni ya jicho. Na huyo Jackson mwenyewe, aliyekuwa rais wao kuanzia 1829 hadi 1837, alikuwa adui mkubwa wa pesa za karatasi. Mwaka 1832 aligoma kutia saini sheria ya kuiongezea muda benki ya taifa lao. Angepewa noti hii mkononi angeitupa ziwani yeye mwenyewe, tundu au pasipo tundu.

Najua kwa nini tuko hivi. Tuliungua. Mwaka 1994 bei ziliruka karibu asilimia 9,800, mtu akilala na ng'ombe anaamka na yai. Mwaka mmoja kabla yake, 1993, wafanyabiashara wa Kinshasa waliikataa noti mpya ya zaire milioni 5, na askari waliokuwa wamelipwa kwa noti hiyo wakaingia mitaani na bunduki, watu wakafa, akiwamo balozi wa Ufaransa. Ndiyo, nchi hii imewahi kumwaga damu kwa sababu muuza duka alisema hii haipiti. Franga ya sasa ilikuja 1998, lakini moyo ulikuwa umeshahama, ukaenda kukaa kwenye pamba ya Wamarekani, na huko unakagua kila uzi.

Kinachoniuma ni kwamba ukaguzi wenyewe una ngazi. Anayeleta dola kwa begi haiinuliwi juani hata moja. Ni ile moja, ya mfuko wa nyuma, inayopimwa kwa jicho, kwa ukucha na kwa pua. Na mama yule wa Fizi anayetaka kuichukua kwa nane si kwamba haipiti. Anajua inakopita. Nane inaingia, kesho ishirini inatoka, na kumi na mbili zilizobaki katikati zimetoka kwa watu wanaojifulia wenyewe. Hapo ndipo nilipopiga hesabu nyingine, bila daftari: dola 20 ni karibu mabeseni 19. Miezi minne na zaidi ya kufuliwa, na mtu kurudi nyumbani na kifundo kizima cha mkono.

Na hesabu ya tatu nikaikwepa, ikanifuata kwenye pikipiki mpaka chini. Mama yule aliyekuwa akitufulia, aliyeshuka kutoka milimani na watoto wake wote kwa sababu ya vita, alikuwa akiyashughulikia mashati yangu, magnesi ya Goma na yote, kwa dola moja na senti kadhaa, na mimi nikaona hapo ndipo pa kubana.

Leo asubuhi nikatuma mtoto akamwite. Alikuja. Bei imepanda, 4,000. Sikubishana. Alipokuwa akitenga nguo nyeupe na za rangi (kumbe zinatengwa), nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Mama, miaka yote hii hukuwahi kukuta pesa mifukoni mwangu?"

"Nilikuwa nakuta, papa. Jumamosi nyingi tu. Unaficha vibaya."

"Sasa ulikuwa unazipeleka wapi?"

Hakujibu. Alitazama uani. Nami nikatazama uani. Mchi ulikuwa umesimama hewani.

"Wewe unadhani chumvi ya nyumba hii," mke wangu akasema bila kugeuka, "inatoka ziwani?"

Na mchi ukashuka.

Mama akainama kwenye rundo, akavuta suruali niliyopandia Fizi, akageuza mifuko nje mmoja mmoja mbele ya macho yangu. Kwenye mfuko wa kulia mlibaki franga 500, ile chakavu kuliko zote. Kumbe habari za sokoni zilikuwa zimemfikia. Aliishika kwa ncha za kucha mbili, akaiinua juani, akafumba jicho moja.